Salama, Ila

Asubuhi ile mashine ya mionzi ilipokufa, taa ilikuwa ya kijani. Hilo ndilo lililomchoma Kitinda kuliko yote. Ingekuwa nyekundu, angesema walionywa wakapuuza. Ingekuwa imezimika, angesema hawakuona. Lakini ilikuwa kijani kibichi kama majani baada ya mvua, kwenye skrini kubwa ukutani mwa kitengo cha kompyuta, na chini yake neno moja kwa herufi nene: SALAMA.

Kitinda lilikuwa jina la utani, maana alikuwa kitindamimba wa mama yake, wa mwisho kuzaliwa na wa mwisho kuachishwa ziwa. Kazi yake ilikuwa kuzitunza kompyuta za hospitali. Na mama yake alikuwa mgonjwa wa hospitali hiyohiyo. Siku zote za kazi walishuka wote wawili mpaka ghorofa ya chini, kwenye chumba chenye mlango mzito kama wa ghala, mama akalazwa juu ya kitanda chembamba, mashine ikamzunguka ikivuma, ikimchoma saratani ya shingo ya kizazi. Kisha Kitinda akapanda juu kazini, na mama akasubiri kwenye benchi akipiga soga na wenzake.

Walikuwa wamefika katikati ya safari. Daktari alikuwa amewaambia tangu mwanzo, akarudia kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara: "Tiba hii haitaki kukatishwa. Ukianza, malizia. Ukiachia katikati, ule uvimbe unapata pumzi, na ukipata pumzi unarudi na hasira."

Sasa imekatika.

Aliyemwita alikuwa mtaalamu wa mionzi, bwana mpole aliyependa kuvaa kandambili kazini. "Dada, njoo uone mwenyewe," alisema. Kwenye kompyuta ya mashine palikuwa na maandishi ya wezi. Walikuwa wameingia kwa njia ya mtandao, wakafunga kila faili kwa kufuli lisilo na ufunguo, wakaacha ujumbe wa kudai fedha za kulifungua. Na ndani ya mafaili yale ndimo ilimokuwa ramani ya kila mgonjwa: mionzi iingie kwa pembe ipi, ifike kina gani, ikwepe kibofu wapi.

"Bila ramani siwezi kuiwasha," alisema yule bwana. "Ni kumpa kipofu panga."

"Na nakala?"

"Nakala si zimo kwenye ghala lenu huko juu?"

Ghala la huko juu lilikuwa limeunganishwa na waya uleule, na wezi walipomaliza sebuleni waliingia na chumbani.

Mlango walioingilia haukuwa siri. Programu ya mionzi ilikuwa na tundu, na walioitengeneza walikuwa wamekwisha kulijua, wakatoa toleo jipya lenye kiraka cha kuliziba, wakautangazia ulimwengu mzima. Waliokishona kiraka wakapona. Na hospitali ile ilikuwa na chombo ambacho kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuuliza kila siku kama kuna kiraka kipya.

Chombo hicho alikiandika kaka yake.

Kaka alikuwa ametangulia kufanya kazi pale kabla ya kuhamia mji mwingine. Alikiita Mkaguzi. Hakikuwa na picha wala vitufe. Unafungua skrini nyeusi, unaandika jina lake, unabonyeza, nacho kinaondoka kuzunguka hospitali nzima kama nesi wa zamu, kompyuta baada ya kompyuta. Lakini Mkaguzi mwenyewe alikuwa bwana mkubwa tu. Kazi hasa ilifanywa na visaidizi, vijisehemu vifupi vya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kila kimoja na shughuli yake, kama jikoni penye shughuli: huyu anamenya, huyu anachota maji, huyu anachochea moto, na sifa anapewa mpishi. Kaka alivipa majina ya nyumbani. Kimoja kiliitwa bisha_hodi, cha kugonga mlango wa kompyuta. Kingine uliza_umri, cha kuuliza programu ni ya toleo gani. Kingine linganisha, cha kupima la zamani na jipya. Na cha mwisho leta_habari, ambacho kilirudi na jibu.

Kaka ni mtu wa mzaha, na mzaha wake aliuweka kwenye hicho cha mwisho. Alikifunza adabu. Kila kilipoletewa swali kilianza na neno salama, hata kama nyumba inaungua, ndipo kikasema yaliyobaki. "Salama, hakuna jipya." Au, "Salama, ila programu ya maabara imepitwa, iwekwe mpya haraka."

"Sasa hiyo salama ya nini?" Kitinda alimwuliza wakati ule.

"Wewe mtu akija na msiba, ukamwuliza habari za huko, anakujibuje?"

"Nzuri."

"Anakaa, anapewa maji, anakunywa. Ndipo anasema, ila mzee hatunaye. Si ndivyo? Basi kompyuta yangu imelelewa na mama yuleyule aliyekulea wewe."

Walicheka, na kweli hakukuwa na ubaya, maana aliyesoma alikuwa binadamu, na binadamu anajua kusubiri ila.

Ubaya ulikuja baadaye, na ulikuja kwa mkono wa Kitinda. Mkuu wa kitengo, mtu wa suti na wageni, alichoka na skrini nyeusi. "Wakubwa wanakuja wanaona giza na maandishi kama mchwa," alisema. "Mimi nataka taa. Nataka neno moja. Moja tu, binti yangu, asomaye asichoke."

Ilikuwa wiki ile majibu ya mama yalipotoka. Kitinda alikuwa akiandika huku jicho moja liko kwenye simu. Akatunga kisaidizi kipya, akakiita fupisha. Kazi yake ilikuwa kupokea habari kutoka kwa mwenzake, kushika neno la kwanza, na kutupa yaliyobaki. Likiwa salama, taa kijani. Likiwa lingine lolote, nyekundu. Akakijaribu: akachomoa waya wa kompyuta moja, bisha_hodi akagonga asijibiwe, akarudisha neno moja, "kimya", taa ikawa nyekundu. Akarudisha waya, ikawa kijani. Mkuu akapiga makofi. Kitinda akachukua mkoba akakimbilia kwa mama.

Alijaribu kimya. Hakujaribu ila. Na tangu siku ile hakuna aliyefungua tena ile skrini nyeusi. Kwa nini uifungue, na taa unaiona?

Asubuhi ile alipotafuta jibu zima la mashine ya mionzi, akakuta "Salama, ila imepitwa" likirudiwa siku baada ya siku, aliketi ngazini akampigia Kaka.

"Kitinda wangu! Habari za huko?"

"Usiniulize habari," alisema. "Leo usiniulize hivyo. Sikiliza." Akamweleza.

Kaka akasema polepole, "Wewe uliposhika lile neno la kwanza, hukuniuliza."

"Na wewe ulipoliweka mbele, uliniambia kuwa ndilo litakalosomwa?"

"Ulikuwa unajua. Ulicheka."

"Nilicheka, eh. Wewe ndiye uliyeacha mzaha kwenye kazi ya watu ukaondoka."

"Na wewe ndiye uliyeufanya mzaha kuwa taa!"

Wakakaripiana hivyo, na katikati ya maneno Kitinda akasikia kaka yake anavuta kamasi, mtu mzima mwenye ndevu. "Mama yuko wapi sasa?" aliuliza Kaka.

"Benchini. Anawasimulia wenzake habari za kuku wake."

"Anajua?"

"Anajua mashine imeharibika."

"Usimwambie ni sisi. Bado."

Mama alipoambiwa warudi nyumbani alikunja kitambaa chake vizuri akauliza, "Kwani mashine imeshikwa na mafua?"

"Imeibiwa akili, mama."

"Hee! Na akili ya kuiba mtu anakwenda kuiuza wapi?" Akajicheka mwenyewe, akanyanyuka kwa kushika ukuta.

Wakarudi nyumbani kwa Kitinda, vyumba viwili na ua mdogo wa sementi, wakaanza kungoja. Wataalamu waliotengeneza mashine walikuja na masanduku yao. Walisema kila kitu kitafutwa kisha kijengwe upya toka chini, na baada ya hapo kila mgonjwa apimwe upya, achorewe ramani nyingine. Kitinda alishinda kazini akifuta na kujenga, mgongo ukimwuma, macho yakiwasha. Hakuna aliyemlaumu. Mkuu aliwaambia wakubwa kwamba ni wezi, na ni kweli walikuwa wezi. Angelaumiwa angepata pa kushika.

Jioni aliporudi alimtazama mama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Mguu wa kushoto ulianza kuvimba. Kwanza kiatu kikabana, kisha kikakataa. Alipomwuliza, mama alisema ni kukaa sana. "Mguu umekosa kazi, unanenepa kama mke wa tajiri." Lakini kula alikula kwa kumridhisha mtu tu, na alipolala alilala upande mmoja, ameuma pindo la shuka.

Ndipo ikaja habari njema, na habari njema ndiyo iliyowamaliza. Hospitali nyingine, safari ya nusu siku, ilikubali kupokea baadhi ya wagonjwa. Nafasi zilikuwa chache. Daktari akasema waende walio taabani zaidi, na karani wa mapokezi akaambiwa awapigie wote awaulize hali zao, aliyezidiwa atangulie. Kitinda hakuambiwa lolote. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta, na siku hiyo alikuwa nyumbani, amepewa mapumziko baada ya kukesha. Alikuwa uani anasuuza nguo simu ya mama ilipolia ndani. Akamsikia mama akiitikia kwa sauti yake ya wageni.

"Salama tu, mwanangu. Eeh. Salama kabisa, tunamshukuru Mungu. Wewe je? Na kazi? Na wazazi? Haya, haya. Ila sasa huu mguu, mwanangu, na kiuno hiki... Halo? Halo?"

Kitinda aliingia na mikono ya povu. "Nani huyo?"

"Binti wa hospitali. Ana adabu! Kaniuliza hali. Salio limemwishia, maskini."

"Kakuuliza hali, ukamwambia nini?"

"Si nimemwambia salama. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumweleza."

"Mama! Ungeanza na mguu!"

"Wewe nawe," mama alisema, akishangaa kweli. "Mtu hajakaa, hajapumua, umtupie mizigo mlangoni? Nimekulea hivyo mimi?"

Kitinda alipiga ile namba. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akajifuta mikono kwenye gauni, akatoka mbio na kandambili za uani, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Karani alikuwa nyuma ya dirisha lake, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alimtazama Kitinda bila ubaya wowote. "Dada, mama yako nimempata. Amesema salama kabisa."

"Hakumaliza kusema."

"Dada yangu, ninao watu kama mchanga. Kila mmoja ananiuliza mpaka wazazi wangu. Nikisikia salama nashukuru, naenda kwa mwingine. Ningefanyaje?"

Kitinda alikuwa amesimama mbele ya kile kisaidizi alichokitunga mwenyewe, kimevaa shungi na kinamtazama kwa huruma.

Alimkuta daktari nje, karibu na gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limewashwa. Akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia, akamweleza mguu, kiuno, pindo la shuka. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Huyo alikuwa msikilizaji. Uso wake ukabadilika aliposikia kuhusu mguu.

"Ningejua hilo asubuhi," alisema, "angekuwa wa kwanza."

"Sasa umejua."

"Sasa gari limejaa. Kule wameshika nafasi kwa majina ya hawa." Akamgeuza kwa bega, taratibu, awatazame waliomo. "Nimtoe nani? Sema wewe. Nitamtoa."

Madirisha yalikuwa wazi. Kitinda aliwaona. Alikuwapo mwanamke aliyempakata mamake kama mtoto. Alikuwapo mwalimu mstaafu aliyezoea kubishana na mama benchini kuhusu kuku, yupi hutaga zaidi, mwekundu au wa madoa. Sasa hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Alikuwapo msichana, mdogo hata kuliko Kitinda, amejifunga shuka kiunoni na beseni liko mapajani. Msichana yule alipoona anatazamwa, alidhani anaagwa, akapunga mkono.

Kitinda naye alipunga. Hakusema jina. Gari likaondoka.

Alitembea kwa miguu kurudi. Mama alikuwa amekwisha kumalizia kusuuza nguo zilizobaki, ameketi juu ya ndoo, anahema.

"Ulikimbilia nini na mapovu?"

Kitinda alichuchumaa mbele yake, akasema yote. Alianza na baya. Alisema kwamba gari limeondoka, kwamba nafasi ilikuwa yake, kisha akarudi nyuma mpaka kwenye Mkaguzi, lile neno la mbele la Kaka na kile kisaidizi chake cha kushika neno moja. Alieleza kwa mifano ya jikoni ili mama aelewe, na mama alielewa. Hakuwa mjinga, hakusoma tu.

"Kwa hiyo mlikosana, wewe na kaka yako?"

"Hatukukosana, mama. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri. Hatukuongea."

Mama alitazama maji machafu yakitafuta njia kwenye sementi. Kitinda alingoja atukanwe. Alingoja asamehewe. Aliona lolote kati ya hayo mawili lingemfaa. Mama akasema, "Nisaidie kusimama, mguu umekufa ganzi."

Mashine ilipona. Siku ilipovuma tena, mtaalamu wa mionzi alivaa viatu. Wagonjwa walipimwa upya mmoja mmoja, na zamu ya mama ilipofika daktari alizitazama picha kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akamwita Kitinda pembeni. Uvimbe ulikuwa umevuka. Umefika kwenye mishipa ya mguu, umebana njia ya mkojo. Mionzi ya kwanza imekwisha kutumia nafasi yake mwilini, na hiyo mingine sasa ingemchoma yeye kabla haijauchoma ugonjwa.

"Tutampa dawa za maumivu," alisema daktari. "Nzuri. Hatutamwacha aumie."

"Na mashine?"

"Mashine si yake tena, dada."

Kitinda alipanda juu kazini kwa sababu miguu ilijua njia. Alifungua skrini nyeusi, akaenda mpaka kwenye leta_habari. Lile neno lilikuwa pale, mwanzo wa mstari, na alama zake mbili za kunukuu. Alilifuta. Kazi ya kidole kimoja. Akaandika upya ili baya litangulie, zuri lifuate kama lipo, kisha akakifuta kabisa kile kisaidizi chake cha fupisha, taa ikaachwa isome habari nzima yenyewe, akamtuma Mkaguzi akazunguke.

Skrini ya ukutani ikawa nyekundu yote. Maabara, duka la dawa, wodi ya wazazi, mochwari. Kila mahali palikuwa na ila yake iliyokuwa ikisemwa kila siku bila msikilizaji.

Mkuu alitoka ofisini kwake. "Binti yangu, pole na mama. Lakini mbona nyekundu nzima? Wageni wako njiani."

"Ndivyo hali ilivyo, mzee."

"Najua, najua. Lakini hata rangi ya chungwa haiwezekani? Kwa leo tu?"

Kitinda alichukua mkoba.

Kaka alikuwa amekwisha kufika nyumbani, begi lake liko mlangoni, yeye yuko sakafuni kando ya kitanda, kichwa amekilaza kwenye godoro kama alipokuwa mdogo. Mama alikuwa anamchokoa ndevu. "Angalia kaka yako, kafuga ufagio. Mke gani atamkubali huyu?" Dawa ya hospitali ilikuwa imemlegeza sauti, na macho yalikuwa yanang'aa. Alionekana mwenye raha, na raha hiyo ndiyo Kitinda hakuweza kuitazama.

"Kesho tunakwenda saa ngapi?" mama aliuliza. "Nimesikia mashine imepona. Yule bwana wa mashine nimemchagulia jogoo."

Kaka aliinua kichwa akamtazama dada yake.

"Hatuendi, mama," alisema Kitinda.

"Keshokutwa?"

"Hatuendi tena. Hata hiyo keshokutwa."

Mama aliacha kuchokoa ndevu. Alitazama dari, akatazama mguu wake uliokuwa chini ya shuka kama mtu mwingine aliyelala naye kitandani. Kaka alitaka kusema neno, Kitinda akamshika bega, asiseme.

"Basi lile gauni langu la kwendea," alisema mama hatimaye, "lile lisilo na vifungo. Lianue kambani, mama. Mpe mwenye kwenda."

Kitinda alitoka uani. Gauni lilikuwa bado bichi, linachuruzika upindoni. Alilianua hivyohivyo, akalikunja juu ya mkono, na maji yake yakamlowesha mpaka tumboni. Akabaki amesimama nalo, hajui alipeleke kwa nani.